Dawlat wa Bima

Asubuhi ya mwisho waliyokula pamoja, Dawlat aliamka kwanza. Alipasha maharage, akayakamulia ndimu, akamimina mafuta. Akaweka jibini ya chumvi, mkate, na fungu la jirjiri, majani ya saladi yenye ukali, ambalo bado lilikuwa linachuruzika maji. Chai ilikuwa nyeusi, kwenye glasi. Ya kwake sukari vijiko vitatu. Ya mumewe bila sukari, kwa amri ya daktari.

"Baba Hala, umeiba sukari."

"Nani? Mimi?"

"Kijiko kimelowa."

"Labda kimelowa chenyewe."

"Basi tukipeleke kwa daktari, kina kisukari."

Bayumi, mumewe, akachekea puani. Dawlat akaitazama kola yake, akatikisa kichwa. "Miaka hamsini unanyoosha nguo za mji mzima, yako imekunjamana kama uso wako." Kisha akaenda roshani, akateremsha kikapu kwa kamba. Muuza nyanya akakijaza, wakagombania bei, mmoja juu mmoja chini, kama siku zote. Bayumi akavaa viatu akaenda mkahawani. Hakuaga. Hawakuwa na desturi ya kuagana kwa safari ya hatua mia mbili.

Aliporudi adhuhuri alimkuta amekaa sakafuni jikoni, ameegemea friji, upande mmoja wa uso umeshuka. Nyanya zilikuwa bado ndani ya kikapu.

Mtaani kwao Mahalla, mji wa wafumaji huko Misri, watu walimwita Dawlat wa Bima, ingawa kazi yenyewe alikuwa ameiacha tangu miaka kumi na tisa nyuma. Bayumi hakuwahi kumuuliza kwa nini aliiacha. Aliogopa jibu, kwa sababu alidhani analijua.

Walipooana watu walishangaa. Dawlat alikuwa na diploma ya biashara. Bayumi hakuingia darasani hata siku moja. Siku ya ndoa yeye alitia dole gumba, bibi harusi akaandika jina lake lote na kulivutia mkia. Bayumi alikuwa mpiga pasi. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, na humo alifanya kazi kwa pasi ya mguu, chuma kizito chenye mpini mrefu ambacho fundi hukisukuma kwa unyayo juu ya ubao, na maji huyanyunyiza kwa mdomo. Wenye ulimi wa shari walisema, "Msomi kaolewa na pasi." Dawlat aliwajibu, "Angalau sikunjiki." Kila mchana alimsomea gazeti wakati wa chakula, habari zote hadi matangazo ya vifo. Bayumi alipenda sauti yake ikisoma. Lakini kulikuwa na kitu kidogo kilichomchoma, kwamba kila alichokijua yeye, Dawlat alikuwa amekijua kwanza.

Binti yao Hala alipoanza shule, Dawlat alirudi nyumbani siku moja na mkoba mweusi wa ngozi bandia.

"Nimepata kazi."

"Ya nini?"

"Bima. Bima ya maisha."

"Maisha ya nani?"

"Ya atakayekubali."

Bayumi aliweka mkate chini. "Mke wangu apite akigonga milango ya watu kuwaambia watakufa?"

"Sitamwambia mtu atakufa, Baba Hala. Mtu hafi mbele yangu. Nitamwambia, baada ya umri mrefu."

Na ndivyo alivyofanya. Katika miaka yote ya kazi ile hakuna aliyemsikia akilitaja lile neno. Ilikuwa daima "baada ya umri mrefu", na baada ya kusema hivyo aligonga mbao ya mlango kwa kifundo cha kidole. Hata hivyo mwanzoni walimfungia milango. Wanawake walivuta shingo ya gauni wakatemea mate kifuani kwao mara tatu, kuzuia shari. Mama mmoja wa ghorofa ya nne alimwaga chumvi kwenye ngazi nyuma yake mpaka chini. Katika chumba cha pasi wateja walimtania Bayumi.

"Fundi, bibi yako kapita kwetu leo. Mama mkwe wangu kalala na homa."

"Fundi, ni kweli mwalala kitanda kimoja na shemeji wa Izraili?"

Bayumi alikuwa na maji mdomoni, hakujibu. Ndiyo faida ya kupiga pasi. Mtu akimuuliza mkewe anafanya kazi gani, alisema, "Yuko ofisini." Alimwonea haya. Hilo nalo Dawlat alilijua.

Lakini Dawlat hakuwa mtu wa kukatishwa tamaa na mlango. Aligundua haraka kwamba wanaume wa Mahalla hawataki kusikia habari ya kaburi lao, ila wote wana binti, na kila binti atahitaji vyombo vya harusi. Akawa anaanzia hapo. Anakaa, anakunywa chai hata kama ni ya saba siku hiyo, anauliza: "Samah ana miaka mingapi sasa? Saba? Basi friji yake tuanze kuitafuta leo." Mwanamume anacheka. Mwanamke anasogea karibu. "Mimi siuzi bima," Dawlat anasema, "nauza friji ya Samah, na jiko la Samah, na mazulia. Ukiwapo utayabeba mwenyewe mgongoni. Usipokuwapo, baada ya umri mrefu, yatabebwa vilevile." Kisha anagonga mbao.

Halafu akatokea dereva mmoja wa lori aliyekatia bima kwake, akapinduka njia ya jangwani. Dawlat alimshika mkono mjane, akaenda naye kampuni mara tano, mpaka haki yake ya bima ikatoka. Habari ikaenea kwa siku moja. Tangu hapo akipita uchochoroni vikapu viliteremka kutoka roshani vikiwa na maembe, na sauti juu yake: "Panda, Mama Hala, panda unywe chai!"

Bayumi akaanza kusema "mke wangu wa bima" kwa sauti. Lakini ule uchungu mdogo haukutoka. Sasa hata mtaa ulimjua yeye kwa mkewe.

Metwali alikuwa mfumaji, mtu mpole, mwenye kelele za mitambo masikioni hata akiwa kimya. Kila Alhamisi alileta kanzu mbili na suruali moja, azivae Ijumaa. Samah wa friji alikuwa binti yake. Alifuatwa miaka mingi na Dawlat kuhusu bima, naye kila mara akasema, "Mwakani, Mama Hala." Mwaka mmoja, ghafla, akasema atakata.

Alhamisi ya wiki ile Bayumi alikuwa anageuza mifuko ya suruali ya Metwali kabla ya kuipiga pasi, akatoa kadi. Ilikuwa ya manjano, imekunjwa mara mbili, ina mstari mwekundu pembeni na muhuri wa bluu wa mviringo. Hakuweza kusoma hata herufi yake moja. Hakuhitaji. Ndugu yake Abduh alikuwa na kadi kama hiyo miaka mitatu. Kila Jumamosi Bayumi alimpeleka nayo hospitali ya wagonjwa wa ini, akaiona ikigongwa muhuri, akairudisha mfukoni mwake, mpaka Jumamosi ambayo hakukuwa na haja tena.

Wapiga pasi wana desturi. Mifukoni mwa watu hutoka barua, picha, hirizi, na mengine yasiyosemeka. Fundi huyafunga kwenye kipande cha gazeti, huyabana kwa pini kwenye kola ya nguo iliyokamilika, na hasemi neno. Mwenyewe akifika huona kifurushi, hujua fundi ameona, na hujua fundi amenyamaza. Bayumi alifunga kadi ya Metwali vivyo hivyo. Aliyekuja kuchukua nguo alikuwa mkewe, Nabawiya. Aliona kifurushi kwenye kola, akakishika kwa vidole viwili. Akamtazama Bayumi.

"Mungu akusitiri, Fundi," akasema.

"Nasi sote," akajibu Bayumi.

Basi hayo tu.

Ijumaa baada ya sala, Metwali na Nabawiya walikuja nyumbani kwa Dawlat kujaza fomu. Bayumi alikuwapo. Dawlat aliwapa chai na biskuti, akavaa miwani. Alisoma maswali polepole, akiyapoza makali kwa namna yake.

"Tuje kwenye afya, shari iwe mbali. Moyo?"

"Chuma," akasema Metwali.

"Kisukari?"

"Mimi? Hata chai yako umenipa chungu."

Wakacheka. "Figo? Ini?"

Metwali alishusha macho kwenye viatu vyake. Nabawiya hakumtazama mumewe wala Dawlat. Alimtazama Bayumi. Alimtazama waziwazi, kama mtu anayemuuliza mwenyeji kama mlango umefungwa au u wazi. Alijua Bayumi ameiona kadi. Aliamini kwamba lililojulikana na mume chini ya ngazi limejulikana na mke ghorofani. Na maradhi yale hayatajwi, mgonjwa akiwa amekaa hapo anakunywa chai. Kuyataja ni kama kuyaita yaje na mengine. Aliona Dawlat anauliza kwa kutimiza karatasi tu, kwa adabu, huku yote anayajua.

Bayumi aliangalia glasi yake ya chai.

"Shari iwe mbali," akasema Nabawiya.

"Shari iwe mbali," akasema Dawlat, akaandika hapana.

Wageni walipoondoka, Dawlat alibaki na fomu mkononi. "Metwali amekonda, umeona?"

"Kidogo."

"Wewe unamwona kila wiki. Ana nini?"

Hapo ndipo palikuwa pake pa kusema. Angesema neno moja. Kalamu ilikuwa bado haijafungwa.

"Kazi," akasema Bayumi. "Mitambo inakondesha."

Baadaye alijitafutia sababu. Desturi ya mafundi. Heshima ya mgonjwa. Kwamba Dawlat alikuwa na furaha na fomu ile, asingependa kumvunja. Zote zilikuwa kweli kidogo. Lakini ile ya kweli kabisa aliijua, na ilimtia aibu kuliko zote: kwa mara ya kwanza katika ndoa yao yeye alikuwa amesoma kitu ambacho Dawlat hakukisoma. Alikuwa nacho. Alionja utamu wake. Alitaka kukaa nacho siku moja mbili, kisha atasema. Siku mbili zikawa wiki, fomu ikaenda Kairo, na neno likapitwa na wakati wake.

Metwali alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa kuvuna pamba. Nabawiya alipeleka karatasi kampuni, Dawlat akimshika mkono kama alivyomshika mke wa dereva. Kampuni ikatuma mtu. Mtu yule akaenda hospitali, akafungua majalada. Jibu likaja kwa barua: marehemu alikuwa mgonjwa wa ini kabla ya kutia saini, na alificha. Hakuna haki.

Dawlat aliisoma barua mara mbili. Uso ulimwiva kama aliyepigwa kofi.

"Wamenidanganya," akasema. "Wamekaa kwenye kochi langu wakanidanganya."

Bayumi alikunywa maji.

Kesho yake Nabawiya alisimama uchochoroni chini ya roshani yao, kitambaa cheusi shingoni, akapaza sauti mpaka mitambo ya jirani ikazimwa ili watu wasikie.

"Dawlat! Toka! Umekunywa chai yangu miaka kumi, umeniuzia karatasi! Ulijua! Mumeo aliishika kadi kwa mkono wake, akaifunga kwa gazeti, akanibania kwenye kola! Nyumba yenu ilijua, na ukaandika ulichotaka ili upate mteja!"

Madirisha yote yalijaa vichwa. Dawlat alitokea roshani, akasema maneno mawili tu, "Sikujua, Nabawiya," na sauti yake haikufika chini.

Attiya, ndugu wa marehemu, hakwenda mahakamani. Aliomba baraza, kama watu wa mji ule wanavyofanya wakitaka jambo liishe kabla ya damu kuchemka. Wazee wakaketi sebuleni kwa Haji Zaghlul, mwenye kiwanda cha taulo, ambaye neno lake lilikubalika pande zote. Katika baraza la namna hiyo mwanamke hakai. Mumewe au nduguye husimama mahali pake. Nabawiya alisimamiwa na Attiya. Dawlat alisimamiwa na Bayumi. Wanawake wawili walikaa chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kidogo, mmoja kiti hiki, mwingine kiti kile, hawatazamani.

Attiya alisema yake vizuri. Alisema shemeji yake si mwongo. Alinyamaza kwa sababu aliamini limejulikana, na lililojulikana halitajwi mbele ya mgonjwa. Nani kati ya wazee hawa angelitaja? Wazee wakaguna. Ilikuwa hoja. Kadi iliposhikwa na mpiga pasi, akasema Attiya, ilishikwa na nyumba yake.

Haji Zaghlul akamgeukia Bayumi. "Fundi, uliiona kadi?"

Bayumi alikuwa amevaa suti yake ya pekee. Aliangalia mikono yake, akaangalia wazee, watu aliowanyooshea nguo zao maisha yote.

"Haji," akasema, "mimi sisomi. Mnajua nyote."

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akainamisha kichwa kwa kumwonea huruma. Attiya mwenyewe aliona haya kwa kumlazimisha mtu mzima aseme hivyo hadharani. Hakuna aliyeuliza tena juu ya kadi. Aibu yake ya siku zote, ile aliyoificha kwa dole gumba miaka yote, alikuwa ameishika mbele kama ngao, na ilimkinga.

"Basi apa," akasema Haji Zaghlul.

Msahafu ukaletwa. Bayumi akaweka mkono. "Wallahi, mke wangu hakujua."

Ilikuwa kweli.

Wazee wakahukumu. Bi Dawlat ni safi. Nabawiya ameficha, na amemtukana jirani yake mbele ya mtaa. Aje ambusu kichwa kumwomba radhi. Wakawatoa wanawake wote wawili chumba cha pili. Nabawiya alitembea kama mtu aliyebeba mtungi. Alipofika mbele ya Dawlat aliinama, na Dawlat akarudi nyuma hatua moja, akamshika mabega, akasema, "Hapana. Hapana, dada." Lakini wazee walikuwa wanangoja, na Nabawiya akambusu.

Kuanzia siku hiyo akawa Nabawiya mwongo. Aliuza mayai na jibini, wateja wakapungua. Samah alikuwa ameposwa na kijana wa kijiji cha Kafri. Mama wa kijana akasema hataki damu ya watu wa kuficha. Pete ikarudishwa.

Siku ya baraza, wakirudi nyumbani, Dawlat alitembea mbele ya mumewe njia yote. Alipofika aliweka ule mkoba mweusi juu ya kabati.

"Kesho huendi kazini?" akauliza Bayumi.

"Miguu inauma."

Haikupona tena. Walizeeka hivyo. Aliendelea kumsomea gazeti, ila matangazo ya vifo aliyaruka. Wakimwona Nabawiya sokoni, Dawlat ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuka upande wa pili.

Kule hospitali, baada ya ile asubuhi ya nyanya, madaktari walisema kichwa chake ni kizima ila ulimi ni mzito. Hala alikuja kutoka Tanta, akakaa naye usiku na mchana. Siku ya nne Bayumi alimwomba binti yake ashuke akanunue juisi ya mapera.

"Mama hanywi mapera."

"Nitakunywa mimi. Nenda."

Hala akaenda. Bayumi akavuta kiti. Hakujua aanzie wapi, akaanzia kwenye mfuko wa suruali. Alisema kila kitu bila kusimama: kadi, kifurushi, Nabawiya alivyomtazama, neno "kazi", mkono wake juu ya Msahafu. Alisema hata ile sababu yenyewe, kwamba ilikuwa utamu wa kujua. Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Alipomaliza aligundua ameshika ukingo wa shuka, anaunyoosha kwa kiganja, mbele nyuma, mbele nyuma.

Dawlat alikuwa anaangalia feni ya darini. Kisha akasema. Ilimchukua muda mrefu, neno baada ya neno, na mengine aliyarudia ili yatoke sawasawa. Bayumi aliinamisha sikio mdomoni kwake. Hakuwa na kalamu, na angekuwa nayo isingemfaa. Akayarudia kimoyomoyo, mpaka Hala aliporudi na juisi, na njia nzima ya kwenda nyumbani, na kila siku baada ya hapo, yasidondoke hata moja.

Dawlat alifariki siku ya saba.

Arubaini ilipopita, Bayumi alinyoosha suti yake mwenyewe, akatoka. Nabawiya sasa alikaa chumba kimoja cha chini, nyuma ya karakana za kufuma. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anapanga mayai kwenye trei, anayapindua moja moja penye mwanga.

"Amani iwe kwako, Mama Samah."

Alimtazama, akarudi kwenye mayai. "Sina nguo za kupiga pasi, Fundi. Waliokuwa wanavaa wamekufa."

"Sikuja kwa nguo."

"Mungu amrehemu mkeo. Sikuja msibani."

"Najua."

"Nilifika pembeni ya mtaa. Nikarudi." Akaweka yai. "Sema basi. Unaniziba mwanga."

Bayumi akasogea kidogo. Kulikuwa na kiti kimoja cha majani karibu na mlango, kitupu. Akasimama pembeni yake.

"Kadi niliiona."

"Kadi ipi?"

"Ya Metwali. Niliijua. Abduh ndugu yangu alikuwa na kama ile."

Mkono wa Nabawiya ulisimama juu ya trei. Mitambo ya karakana ilikuwa inapiga nyuma ya ukuta, ta-ka, ta-ka, ta-ka.

"Lakini husomi," akasema taratibu. "Ulisema mbele yao wote."

"Sisomi. Lakini niliijua."

"Na siku ile ya fomu? Niliponyamaza nikakutazama?"

"Nilijua unachouliza. Nikaangalia chai."

"Ukaangalia chai." Alicheka, kicheko kifupi kisicho na kitu ndani. "Mimi niliinama mbele ya baraza zima. Samah alivua pete hapa, mbele ya macho yangu. Yuko Damanhuri, kaolewa na mtu mwenye wajukuu, haji kuniona. Hata yeye anaamini nilidanganya. Binti yangu, Fundi!"

"Nitakwenda kwake. Nitakwenda kwa Haji Zaghlul, na kwa Attiya. Nitawaambia."

"Attiya amekufa."

"Kwa wanawe."

"Na mtu akikuuliza kwa nini?"

"Nitasema."

Nabawiya alijifuta mikono kwenye gauni. Alimtazama sasa sawasawa, kuanzia viatu hadi kola, kama anayetafuta mkunjo. Goti la Bayumi la kulia, lile lililosukuma pasi miaka hamsini, lilianza kumuuma. Kiti kilikuwa pale pale.

"Neno moja, na usinidanganye juu ya maiti," akasema. "Dawlat alijua?"

Bayumi angeweza kusema hapana. Aliwahi kuapa hivyo, na watu walikubali, na siku ya fomu ilikuwa kweli. Mwenyewe alikuwa kaburini, jina lake safi mtaa mzima. Safi kwa kiapo chake yeye. Alitafuta yale maneno mahali alipoyaweka, akayakuta yote.

"Nilipomwambia hospitalini," akasema, "alinijibu hivi: 'Siku ile uliposema husomi, nilikuwa nyuma ya mlango, na nilijua kwamba kadi uliijua. Nikanyamaza, maana ilinifaa. Kwangu umekosea mlango, Bayumi. Nenda kwa Nabawiya, umwambie yako na yangu, na usikae mpaka akukaribishe.'"